Ng'ombe Niliyemtoa Jukwaani

Mimi nimeishia darasa la nne. Nalisema mapema ili msomaji asitafute hapa maneno ya chuo kikuu. Lakini mashine ya kusaga iliyo nyuma ya soko Katesh ni yangu, malori mawili yanayopakia maharage Gitting na Endasak ni yangu, na lile bwalo la shule ya sekondari ambamo mchezo ulichezwa, mabati yake yote nilinunua mimi. Baba hakuniachia hata jembe. Nimebeba magunia ya watu kwa mgongo huu huu mpaka nikafika mahali pa kubebesha wengine. Maneno haya nimeyasema kwenye harusi na kwenye misiba, na mke wangu akiyasikia hutoka nje. Ila ni ya kweli.

Basi mwalimu wa Kiswahili alinifuata mashineni. Ni binti wa mikoa ya kusini, alipangiwa kwetu miaka miwili iliyopita, na mpaka leo havui sweta kwa sababu ya baridi ya mlima. Alisimama mlangoni, unga unamwangukia kichwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Mabati yanavuja?"

"Hayavuji. Nina ombi. Mahafali ya kidato cha nne tunaandaa mchezo wa kuigiza. Nimeutunga mwenyewe na wanafunzi. Dhamira zake ni matabaka na uwajibikaji."

"Matabaka ndiyo nini?"

"Watu wa juu na watu wa chini, mzee. Wenye nacho na wasio nacho."

"Hapo umefika kwa mwenyewe. Mimi nimekaa kote kote."

Akacheka, kisha akaeleza shida yake. Alikuwa na nafasi ya tajiri, na wavulana wake hawaiwezi. Wanajaza mto kwenye shati, wanatembea kama bata, na watu wakicheka dhamira inapotea. Alitaka mtu mzima.

"Nikajiuliza," akasema, "ni nani hapa Hanang anaweza kutembea kama tajiri bila kufundishwa?"

Mtu mwingine angesikia mwiba kwenye maneno hayo. Mimi nilisikia sifa. Nikazima mashine ili tuelewane vizuri.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Huku kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawafugi wote kwake. Majani yako wapi? Anawaweka kwenye kaya za wengine, mmoja hapa, wawili pale. Anayetunza anakamua maziwa, anachukua samadi kwa shamba lake, na ndama anabaki mali ya mwenye ng'ombe. Ng'ombe akifa, mtunzaji analeta ngozi kuonyesha kwamba hakuuza. Ndivyo babu zetu walivyoishi, na ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Sasa katika mchezo wa mwalimu, tajiri alikuwa ameweka ng'ombe kwa mjane. Siku moja anataka kununua gari, anakwenda kumchukua yule ng'ombe, na nyumba ya mjane inaanza kulala njaa. Mwishoni tajiri anaaibika mbele ya watu, anamrudisha ng'ombe, na safari hii anamtoa awe mali ya mjane kabisa.

"Umetoa wapi kisa hiki?" nilimuuliza, maana yeye si wa huku.

"Wanafunzi waliandika insha kuhusu nyumbani kwao."

Sikuuliza insha ilikuwa ya nani.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilifika na koti langu la suti. Yule mjane wa mchezo nilimkuta ameshakaa kwenye benchi la bwalo, anamenya viazi, kwa sababu chakula cha jioni cha wanafunzi hakingoji. Alikuwa mpishi wa shule. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga. Nilimfahamu mara moja na yeye alinifahamu. Miaka minne alinitunzia ng'ombe, jike mzuri wa maziwa. Mwaka juzi malori yangu yaliishiwa matairi yote kwa mpigo, nikamtuma kijana wangu akamchukue yule jike, nikamuuza mnadani. Sikudhulumu mtu. Ng'ombe alikuwa wangu, na kwa desturi naweza kumchukua siku ninayotaka. Desturi haisemi kwamba lazima nikamwambie mwenyewe kwa mdomo wangu.

"Mtoto wa nani?" nilimuuliza, ili niseme kitu.

"Wa binti yangu. Alifia leba, mwezi wa tatu."

"Pole sana mama. Anakula nini?"

"Uji mwepesi. Maziwa nikipata." Akachukua kiazi kingine. "Nikipata," akarudia.

Mwalimu akapiga makofi, tukaanza. Katika onyesho la kwanza mjane anamsalimia tajiri, na mwalimu alikuwa ameandika kwamba mjane aseme shikamoo, ingawa ni mkubwa kwa umri. Ndiyo matabaka hayo, alieleza. Pesa inapindua hata salamu.

Mpishi akaweka kisu chini. "Hilo siwezi."

"Mama, ni mchezo tu."

"Mwalimu, huyu nilimwona kule Mogitu akipita kwa mama yake hana suruali. Leo nimwamkie shikamoo?"

Wanafunzi waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ni kweli, suruali niliivaa nikiwa na miaka saba. Mwalimu alimbembeleza siku tatu ndipo akakubali. Alipolisema lile neno mara ya kwanza, alilisema huku akinitazama usoni. Nilijisikia vibaya, lakini mwalimu alisema vizuri sana, tubaki hivyo hivyo.

Sasa nieleze makosa yangu, maana ni yangu, si ya mwalimu. Ng'ombe wa mchezo walikuwa wanafunzi wawili chini ya shuka la bweni, mmoja mbele, mmoja nyuma, na mkia wa kamba. Nilipoliona nikasema hapana. Siwezi kusimama mbele ya watu wa wilaya nzima nikitoa shuka. Nitaleta ng'ombe wa kweli. Nilikuwa na jike jekundu, amezaa ndama mwezi uliopita, nimemweka kwa bwana mmoja anayeishi hatua chache kutoka shuleni. Huyo huyo ataingia jukwaani na ndama wake.

Na mzee wa kusali je? Mwishoni mwa mchezo, baada ya ng'ombe kutolewa, lazima mzee asali na kunyunyiza maziwa, na watu waitikie. Mwalimu alimpa kijana wa kidato cha tatu ndevu za pamba. Kijana hajui kusali kwa lugha ya kwao, anachanganya, anataja mvua mahali pa watoto. Nikasema acheni utani, nitawaletea mzee wa kweli kutoka Mogitu, yule anayesali kwenye harusi zetu. Nilimleta kwa lori langu, amekaa mbele na kibuyu chake mapajani. Njiani aliniuliza.

"Nikasali kuhusu nini?"

"Usali kama mtu ametoa ng'ombe."

"Ametoa?"

"Atatoa. Mwishoni."

"Haya," akasema, akatazama barabara.

Ndivyo nilivyojenga jambo hili kwa mikono yangu, kama nilivyojenga kila kitu changu. Ng'ombe wa kweli, mwenye ng'ombe wa kweli, mjane wa kweli, mzee wa kweli. Mwalimu alifurahi, akasema mchezo umepata uhalisia.

Siku ya mahafali bwalo lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Nilicheza vizuri, sitaficha. Nilipomfukuza kibarua jukwaani, wanaume waliguna kweli kweli, na bibi mmoja wa mstari wa mbele alinitukana kwa jina la ukoo wangu. Mpishi hakuwa anaigiza sana. Alisema maneno yake polepole, kama mtu anayetoa maelezo ofisini, na mtoto alikuwa mgongoni kwa sababu hakuwa na wa kumwachia. Alipofika mahali pa kusema, "Bosi, ukimchukua ng'ombe huyu mtoto atakunywa nini," mtoto akalia kwa sauti nyembamba, kama ya mtoto wa mbuzi. Bwalo lote likasikia ni mtoto asiyeshiba.

Likaja onyesho la mwisho. Jike jekundu akaingizwa kwa mlango wa jikoni, ndama nyuma yake. Mwalimu alikuwa ameandika niseme hivi: "Mama, nimekosa. Chukua ng'ombe huyu awe wako." Basi, inatosha. Lakini mimi nikiona watu mia tatu wananitazama siwezi kusema sentensi mbili nikanyamaza. Nikapandisha sauti. "Mbele ya hawa wote! Na ndama wake pia! Watoto wako na wajukuu zako wanywe!" Nikaichukua kamba, nikaiweka mkononi mwake, nikamfumbia vidole juu ya kamba.

Mzee akasimama. Akasali. Hakufupisha hata kidogo. Akataja mlima, akataja majani, mvua, kizazi cha yule mama, na kila alipotulia bwalo zima liliitikia. Mkuu wa shule aliitikia, walokole waliitikia, wafanyabiashara wa Kiislamu waliokuja kutoka Dongobesh walisema amina. Na mimi niliitikia. Mdomo ulijibu wenyewe, kama unavyojibu tangu utotoni. Akanyunyiza maziwa mgongoni kwa ng'ombe, kisha kichwani kwa mtoto.

Makofi yalikuwa mengi. Nilipiga picha na wahitimu. Nikampa yule bwana jirani wa shule jike jekundu na ndama arudi nao nyumbani, nikaondoka.

Jumatatu asubuhi mpishi alikuja mashineni na kamba.

"Shikamoo mama," nilimwamkia, maana hapo hatukuwa jukwaani.

"Marahaba. Nimekuja kumchukua ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Yule uliyenipa."

Wateja walikuwa kwenye foleni na madebe yao. Nikacheka ili wacheke. Hakuna aliyecheka.

"Mama, ule ulikuwa mchezo."

"Ng'ombe alikuwa mchezo?"

"Maneno yalikuwa mchezo."

"Na sala?"

Hapo nikapaza sauti. Nikamwambia kwamba mimi sikuokota mali yangu barabarani. Nikamwambia leo wametunga mchezo wa ng'ombe, kesho watatunga wa lori, keshokutwa watacheza wa nyumba yangu nami nitalala nje. Nikamwambia, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, mama yangu mwenyewe alitunza ng'ombe wa mtu, na mwenyewe alipomchukua hatukulia kwa watu, tulikaza mkanda. Ni kweli alimtunza. Ni kweli alichukuliwa. Lakini mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akinyonya, hakuufikia mwaka uliofuata, na hilo sikulisema. Kutokana na kifo kile wengine wangejifunza huruma. Mimi nilijifunza kwamba ni afadhali kuwa mwenye ng'ombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto anakohoa," akasema. Akakunja kamba yake, akaondoka. Nilimwona akipanda bodaboda mpaka mahali pesa yake ilipomwishia, pale njia panda, akashuka akaendelea kwa miguu.

Alhamisi niliitwa ofisi ya kijiji. Mzee wa Mogitu alikuwepo, mpishi alikuwepo na mtoto kwenye kanga, na mwalimu alikuwa ameitwa awe shahidi. Nilimtegemea mwalimu. Ni msomi, ataeleza.

"Ni igizo," mwalimu alisema, machozi yanamtoka. "Mimi niliandika kwenye karatasi. Ni igizo."

"Ile sala uliandika wewe?" mwenyekiti wa kijiji akamuuliza.

"Hapana. Niliandika tu, mzee anasali."

Mwenyekiti akamgeukia mzee. "Baba, wewe uliigiza?"

"Mimi sijui kuigiza," mzee akasema. "Nilimuuliza kwenye lori, akaniambia atatoa. Nikamwona ametoa. Nikasali." Akanitazama bila hasira. "Uliitikia. Nilikusikia."

Nikasema mengi. Nikataja mabati. Nikataja sheria, ingawa siijui. Mwishowe mwenyekiti alisema kisheria hana la kunifanya, ng'ombe ana alama yangu sikioni. Nikatoka nimeshinda. Nilijinunulia soda kwenye kibanda hapo nje nikaimaliza nimesimama, na watu wote waliokuwa kwenye kibanda kile walikuwa wameshaondoka kabla sijarudisha chupa.

Jumamosi alfajiri yule bwana jirani wa shule alikuwa getini kwangu na jike jekundu na ndama.

"Ng'ombe wa mama mpishi huyu hapa."

"Ni wangu. Nimemweka kwako."

"Bosi, mimi siwezi kukamua maziwa ya mtu mwingine na nikalala." Akamfunga kwenye nguzo ya geti. "Kuanzia siku ile sijaonja. Tumemkamua tukammwagia mbwa."

Sijui kama alielewa alichosema. Wiki nzima mbwa wake walikunywa maziwa yale.

Mchana wakaja wawili kutoka Gitting, kila mmoja na jike. Jumapili baada ya kanisa wakaja wengine. Hawakugombana nami. Mmoja, kijana niliyempa kazi ya kwanza maishani mwake, alinieleza kwa adabu kama mtoto anavyomweleza baba.

"Mzee, ulisema umetoa, ukasema hukutoa. Kesho ndama akifa kwangu nikuletee ngozi, si utasema nimemuuza? Bora nirudishe mapema, tubaki na salamu."

Mpaka jioni ile nilikuwa na ng'ombe kumi na mmoja wamefungwa kwenye ukuta wangu wa matofali, mbele ya nyumba yenye vioo vya kizungu, na sina hata mzigo mmoja wa majani. Walilia. Majirani walikuwa wakipita wanaangalia mbele. Mke wangu alisimama dirishani akaniambia maneno manne tu, "Mpelekee mama ng'ombe wake," akafunga pazia.

Sitajipamba hapa. Sikwenda kwa huruma. Nilikwenda kwa sababu ya ng'ombe kumi na mmoja na kwa sababu ya pazia lile. Jumatatu, wiki moja kamili tangu aje na kamba yake, nilimfungua jike jekundu. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ya kupanda kwake lori haliwezi, nikamkokota kwa miguu, viatu vyangu vinazama kwenye tope, ndama anafuata. Watoto wa shule walisimama kando wakaniamkia. Njiani niliyapanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba desturi ni desturi, na kwamba mtu mkubwa anaweza kubadili mawazo bila kuaibika.

Nilipotokea kwenye mahindi nikaona wanawake wamekaa chini nje ya nyumba, vitenge vimefunika vichwa, hakuna anayeongea. Ukishaona hivyo huulizi. Lakini niliuliza.

"Lini?"

"Juzi," mmoja akajibu. "Kifua kilimbana. Zahanati wakaandika aende Katesh, usafiri ukachelewa."

Baadaye nilimtafuta muuguzi wa zahanati, nikamuuliza kama maziwa yangebadili kitu. Alisema ile ilikuwa homa ya mapafu, na kwamba mtoto aliyeshiba hupigana nayo zaidi, ila hakuna anayeweza kusema. Nilitaka aseme moja, ndiyo au hapana. 

Mpishi alitoka ndani. Hakushangaa kuniona. Alimtazama ng'ombe, akatazama kiwele kilichojaa mpaka chuchu zinadondosha zenyewe, maana nilikuwa sijamkamua tangu jana yake. Nikafungua mdomo.

"Usiseme," alinizuia. "Siku ile ulisema vizuri."

Akaichukua kamba mkononi mwangu. Akamfunga jike kwenye mti wa ua, akaleta kibuyu, akachuchumaa akaanza kukamua, kwa sababu ng'ombe akijaa hivyo anaumia, msiba au si msiba. Nilikuwa nimesimama tu, koti limelowa. Nilitaka kuondoka, lakini huwezi kuondoka kwenye nyumba ya msiba ukiwa hujakaa, nikakaa kwenye kigogo karibu na wale wanawake.

Alipomaliza aliingia ndani akatoka na kikombe cha bati. Akamimina maziwa yenye joto la kiwele, povu likapanda mpaka ukingoni, akayaleta kwa mikono miwili kama mgeni anavyopaswa kupewa.

"Karibu maziwa."

Kwetu mgeni hakatai maziwa. Nilikunywa mpaka chini. Wanawake wote walikuwa wananitazama, na hakuna hata mmoja aliyekohoa.